Maswali ya wasomaji: tunakaaje angani juu ya vilima masaa matatu bila injini?

Toleo lililopita niliwaandikia habari za wikendi zangu za kiangazi hapa kusini mwa Uingereza, mimi na wenzangu watano sita tukiruka na hengi glaida juu ya vilima vya South Downs nyuma ya mji wa Brighton, nikaeleza jioni moja ya mwezi wa sita niliyokaa juu karibu saa tatu nzima bila injini wala kamba. Aise barua zimekuja. Nilidhani nitapata mbili tatu, zimejaa, nyingine ndefu kuliko makala yenyewe, basi mhariri kanipa safu nzima nijibu. Kwa ambaye hakusoma: hengi glaida ni bawa la kitambaa kigumu lililotandazwa juu ya mabomba ya alumini, upana kama mita 10 ncha kwa ncha, rubani analala kifudifudi chini yake akining'inia ndani ya hanesi, mfuko wa mikanda, na mbele yake kuna fremu ya pembetatu anayoishika kwa mikono miwili. Usukani wake ni huo tu. Ukijivuta mbele unaongeza mwendo, ukijisukuma nyuma unapunguza, ukihamisha mwili kushoto nalo linakwenda kushoto.

Salamu kaka. Mi mvuvi wa Likoni, makala yako nimeisoma mara mbili sijaelewa. Kitu hakina injini hakina pangaboi kinakaaje juu saa tatu? Si kinaanguka tu pole pole?

Salama kaka, na umeuliza ukajijibu mwenyewe, maana kweli kinaanguka. Hengi glaida inashuka kama mita moja kila sekunde, hata siku nzuri kabisa, hata akiirusha bingwa wa dunia. Ila hewa yenyewe tuliyomo inapanda. Hewa ikipanda mita mbili kwa sekunde na wewe ukashuka moja, umebakiwa na moja ya kupanda, hesabu ya duka hiyo.

Sasa hewa inapandaje, hapo we ndo mwalimu mimi mwanafunzi. Umeona wimbi likija likakuta mwamba, halina pa kwenda, linapanda. Upepo ni hivo hivo, unatoka baharini umelala, unakuta kilima kimesimama mbele yake, unapanda kwa mbele kisha unavuka juu. Mbele ya kilima pale kunatengenezeka kama ukanda wa hewa inayopanda, upana wake si mkubwa, na sisi tunakaa humo humo tunakwenda na kurudi, kushoto kulia, pua tumeielekeza kidogo upeponi tusisukumwe nyuma. Mara ya kwanza kuliona hilo nilisimama chini nikasema hii mbona ni bisho! Baba yangu alikuwa nahodha huko Lamu, nimekua naangalia majahazi yakipiga bisho, yaani kwenda kushoto kulia dhidi ya upepo, mlangoni pa Shela, na hawa Waingereza wanafanya kitu kile kile hewani na tanga la kitambaa cha Dacron, na hata lile bomba la katikati wanaliita kwa jina lile lile la mkuku wa chombo. Nilijua pale pale kwamba hii kitu naweza kujifunza.

Ukivuka nyuma ya kilima hewa inageuka, inashuka inabingirika kama povu nyuma ya mwamba, na huko hatuendi, mwenye kwenda huko anaangushwa chini vibaya. Kwa hiyo upepo lazima uje moja kwa moja usoni mwa kilima, usiwe wa ubavuni, na usizidi. Kilomita 25 hadi 35 kwa saa kwangu ndo raha. Bawa lenyewe linakwenda kama 40 kwa utulivu, kwa hiyo upepo ukifika 40 unasimama hewani kama mwewe anayetafuta panya, hurudi nyuma huendi mbele, na ukizidi hapo unaanza kurudishwa kwenye ile hewa mbaya. Siku hiyo tunabaki chini tunakunywa chai.

Kaka habari, mi dada yako wa Reading, natokea Tanga. Mume wangu tangu asome makala yako hakai, kila siku anaangalia angani. Hebu nieleze siku yenyewe inakwendaje mwanzo mwisho, nijue ananipotelea wapi Jumamosi.

Salama dada. Ntakueleza kweli maana unastahili kujua, na kweli yenyewe ni kwamba siku ya kuruka masaa mengi ni ya kusubiri.

Simu zinaanza kulia alfajiri. Mmoja wetu mzee mstaafu, huyo ndo mwanzo wa kila kitu, anaamka mapema kuliko jogoo anaangalia utabiri wa sehemu tatu nne tofauti kisha anatuma ujumbe wa neno moja tu, jina la kilima. Vilima vyetu kila kimoja kina upepo wake, huwezi kwenda kokote. Devil's Dyke kinatazama kaskazini-magharibi, kiko kama mita 200 juu ya usawa wa bahari, gari linafika mpaka juu na hilo jambo kubwa sana kwa mtu mwenye mzigo wa kilo 30. Mount Caburn karibu na Lewes kinatazama kusini, kifupi, mita 150 hivi, juu yake bado unaona mahandaki ya ngome ya watu wa kale wa enzi ya chuma, nyasi zake fupi za kondoo zinateleza kama mkeka. Akiandika Dyke tunakwenda Dyke. Hatubishani naye, kwa miaka yote niliyomfuata amekosea mara chache mno.

Tunafika, hamna anayekimbilia kufungua mzigo. Tunasimama ukingoni kwanza. Tunaangalia nyasi chini zinalala upande gani, moshi wa vijijini, Fulking na Poynings pale miguuni, bendera, kondoo wamekaa vipi. Tunaangalia ndege hasa. Mwewe akikaa juu bila kupiga bawa dakika nzima, mtu mmoja anaanza kutoa mabomba bila kusema kitu, na wengine wote tunafuata. Kuunga bawa ni kama nusu saa na zaidi, unafungua mabomba, unapenyeza mbavu moja moja ndani ya kitambaa, unakaza waya, unakagua kila nati kwa kidole sio kwa jicho. Halafu unamwita mwenzio akukagulie tena. Hapo ndipo urafiki wetu ulipo dada, sio kule juu, ni hapa chini mtu anapozunguka bawa la mwenzake kimya kimya akigusa kila pini.

Asubuhi ya kiangazi upepo wa kaskazini ni mwepesi. Kwenye saa tano jua limeshapasha mashamba ya ngano huko chini, na ngano ikikauka inatoa joto kuliko nyasi mbichi, hewa inaanza kupanda kwa mapovu mapovu, wenyewe wanayaita themali, na juu ya kila povu linazaliwa wingu dogo jeupe lenye tumbo bapa. Basi wakati huo ukimbie hatua nne tano ukingoni, miguu inaachana na ardhi, unaingiza miguu kwenye hanesi kama mtoto anavyoingia kwenye mfuko, na sauti zote za watu zinakatika ghafla. Unabaki na mlio wa upepo kwenye waya na ule mlio wa vario, kijidude kinacholia pii pii pii hewa ikipanda na kuguna ikishuka. Mashariki naona Ditchling Beacon, magharibi minara ya redio ya Truleigh Hill, nyuma yangu bahari yote ya Channel inang'aa kama bati jipya. Tunakwenda mpaka Truleigh na kurudi, watu watano kwenye mstari, kila mtu anajua wengine wako wapi. Sheria yetu ni moja na haina mjadala, unageuka siku zote kuelekea nje, kamwe sio kuelekea kilima, na mkikutana uso kwa uso yule ambaye kilima kiko kulia kwake anapewa njia, maana hana pa kukwepea.

Halafu kama saa nane hivi mambo yanabadilika, na hapa ndo napapenda kuliko pote. Bara imepata joto, bahari bado baridi, upepo unaanza kutoka baharini kwenda bara. Kitu kile kile ambacho mvuvi wetu wa Likoni anakijua tangu utoto, umande, ule upepo wa bara wa alfajiri, unakutoa nje, mchana upepo wa bahari unakurudisha nyumbani. Sasa ukiwa Dyke upepo huo unakuja kwa mgongoni mwa kilima, ni hatari. Dalili yake ya kwanza unaiona mbali, kwenye ufuo, mawingu yanakuwa machafu machafu yamechanika chini. Pale pepo mbili zinapokutana hewa haina pa kwenda inapanda kwa mstari mrefu, na mbayuwayu wanajazana humo kula wadudu walioinuliwa. Siku moja nilikuwa mita kama 900 ndani ya mstari huo na mbayuwayu wamenizunguka kote, wengine wananipita kwa umbali wa mkono mmoja hivi, nilisahau hata kushika vizuri.

Basi tunateremka haraka, tunakunja, tunapakia juu ya magari, nusu saa hivi tuko Caburn kinachotazama kusini, na upepo wa bahari unatusubiri pale. Mwezi wa sita jua linazama baada ya saa tatu usiku, dada, saa tatu! Kwenye saa moja upepo unakuwa laini, mabonde yanaachia joto la mchana pole pole na hewa inapanda kila mahali kwa upole, hata juu ya bonde lenyewe, mbali na kilima. Huna kazi. Unaachia mkono mmoja, bawa linakwenda lenyewe. Tunashuka wakati kijiji cha Glynde kimeshawasha taa.

Kwa hiyo mumeo atakupotelea kutwa na atarudi na nyasi kwenye soksi. Mwambie akupe jina la kilima kabla hajatoka na akupigie akishatua. Mke wangu ndo sharti lake hilo na mimi silivunji.

Shikamoo sana mwanangu… naandika kutoka Leicester. Kijana wangu ana miaka 19, anasema anataka kozi ya hii kitu yako. Nimelia usiku kucha. Niambie ukweli usinifiche, watu hawafi?

Shikamoo mama. Salamu zako umenitanguliza, zinanielemea, mi ndo wa kukuamkia.

Watu wanakufa mama. Siwezi kukwambia vingine. Si wengi, lakini wapo, na mi nimeshakaa kwenye mazishi ya mtu niliyekuwa namfahamu kilimani. Bawa lenyewe kuvunjika hewani ni nadra sana, limejengwa kubeba mzigo mara kadhaa ya uzito wetu, na kila mtu ana parachuti ya akiba kifuani. Kinachoua zaidi ni mtu mwenyewe. Kuruka wakati upepo umezidi kwa sababu umeendesha gari masaa mawili hutaki kurudi bure. Kugeuka karibu mno na kilima. Kutua vibaya kwa uchovu. Na kusahau kujifunga.

Hilo la mwisho acha nikusimulie maana lilinikuta. Ilikuwa Julai, joto kali, nimeshavaa hanesi, nimeshajifunga kwenye bawa, nimeshalala ndani ya hanesi, mwenzangu kanikagua tayari. Upepo ukafa. Nikasubiri kama robo saa, jasho, nikajifungua nikaenda garini kuchukua glavu. Narudi, upepo umerudi mzuri, watu wanaruka, na mi nikainua bawa begani nikasogea ukingoni nikavuta pumzi. Bawa likiwa begani unalihisi kama liko na wewe mama, hamna kinachokwambia kwamba hujafungwa. Nilikuwa nimeshaegemea mbele kwa hatua ya kwanza. Dada mmoja wa kikundi chetu, muuguzi, alikuwa amekaa kwenye nyasi anakula tufaha, akapiga ukelele neno moja tu, "Umefunga?" Nikasimama. Nikageuza shingo, nikaona karabina yangu, kile kipete cha chuma cha kunifunga kwenye bawa, inaning'inia mgongoni, haijashika kitu. Ningekimbia ningebaki nimeshikilia fremu kwa mikono mitupu juu ya mteremko wa mita 100 na zaidi.

Niliweka bawa chini nikakaa. Sikuruka tena siku ile, na tangu siku ile nina kanuni, nikijifungua hata kwa sekunde tano naanza ukaguzi wote upya, nalala tena, mtu ananishikia pua ya bawa, naguswa karabina na mikanda ya miguu. Na mimi mwenyewe nimekuwa yule wa kupiga kelele. Vijana wanachoka na mimi, wachoke.

Sasa kuhusu kijana. Asijifunze kwa rafiki wala kwa video. Hapa kuna chama cha kitaifa, kinaitwa BHPA, kina shule zake zilizokaguliwa na walimu wenye leseni, anaanza kwenye vilima vidogo vya mafunzo akikimbia anainuka kidogo anatua, mara nyingi mpaka mwili uzoee, anapata daraja la kwanza kisha daraja la rubani wa klabu, na ndipo klabu ya eneo inampokea kilimani na mtu mzima wa kumwangalia. Uanachama wenyewe una bima ya kulipa ukimdhuru mtu mwingine. Na mama, nakuomba, nenda naye siku ya kwanza. Kaa kwenye nyasi uwaone hao walimu. Utamjua mwalimu mzuri hivi, ni yule anayesema "leo haturuki" bila kuona haya. Ukimkosa wa namna hiyo mrudishe mtoto nyumbani.

Niaje kaka, mi mwanafunzi Eldoret. Huku kwetu Kerio Valley tunaona wazungu na hata wakenya wakiruka na zile parachuti za rangi rangi. Ndo hiyo hiyo ama ni tofauti? Na sisi tunaweza?

Poa sana mdogo wangu, na una bahati hujui tu. Mnazoziona nyingi ni paraglaida, ni ndugu yake. Paraglaida ni kitambaa tupu na nyuzi, hakina mfupa, hewa ndo inakishikilia umbo, unakaa kama kwenye kiti, ukimaliza unakunja unatia begani unapanda matatu unakwenda zako. Hengi glaida ina mifupa ya alumini, haiwezi kujikunja hewani, inakwenda kasi zaidi, zile za mashindano zinapita kilomita 100 kwa saa, na inahimili upepo ambao paraglaida inabidi ibaki chini. Lakini inataka gari, inataka uwanja mrefu wa kutua, inataka bega. Kila mmoja na lake. Mi siwadharau wa paraglaida hata kidogo, nusu ya marafiki zangu kilimani ni wao.

Na huko kwenu ni moja ya sehemu marubani wa Ulaya wanaziota majira yao ya baridi. Iten iko kama mita 2,400, ukingo wa Elgeyo unatazama mashariki na chini yake bonde limeporomoka zaidi ya mita 1,000. Kati ya Desemba na Machi ni kiangazi, jua linachoma bonde, na upepo unatoka upande wa mashariki unagonga ukingo ule uso kwa uso. Ni wakati huo huo wa kaskazi, upepo ulioleta majahazi ya Oman mpaka kwetu Lamu karne na karne. Mi nikiangalia ramani naona upepo mmoja, umeshusha tende Lamu, unafika kwenu unainua watu. Ila themali za huko ni kali mno kuliko vilima vyangu hivi vya upole, adhuhuri ya Kerio sio mahali pa mtu anayeanza. Ukitaka kuanza tafuta rubani wa hapo mwenye leseni ya kufundisha, msaidie kubeba, kaa naye msimu mzima unaangalia tu, jifunze saa ngapi anaacha kuruka kuliko saa ngapi anaanza. Halafu mwulize.

Assalaam alaykum. Mimi wa Muscat, asili yetu Unguja. Watoto wangu wanasema shuleni wameambiwa mtu wa kwanza kuruka hivi alikuwa Mwislamu wa Andalusi. Ni kweli?

Wa alaykum salaam warahmatullah. Anaitwa Abbas ibn Firnas, aliishi Cordoba, Hispania ya leo, alifariki mwaka 887. Habari yake tunaipata zaidi kwa al-Maqqari aliyeandika karne ya 17, kwamba alijivika manyoya akajitengenezea mabawa akaruka umbali wa kutosha, lakini akatua vibaya akaumia mgongo, na wakasema ni kwa kuwa hakujitengenezea mkia, ndege akitua anatumia mkia. Kati ya yeye na mwandishi kuna miaka mingi, kwa hiyo sikwambii nimehakikisha kila neno. Lakini hilo la mkia linanigusa kila nikitua. Sisi tunapofika hatua mbili juu ya nyasi tunasukuma fremu kwa nguvu zote, pua inainuka, bawa zima linakuwa breki kama mkia wa njiwa, miguu inagusa chini. Ukichelewa nusu sekunde unatua kwa tumbo.

Waambie watoto pia habari za Otto Lilienthal, Mjerumani, kuanzia 1891 aliruka mara kama 2,000, mpaka akajijengea kilima chake mwenyewe cha mita 15 huko Berlin, akafa Agosti 1896 baada ya bawa kuanguka naye. Bawa letu la leo limetokana na Mmarekani Francis Rogallo na mkewe Gertrude, waliombea hataza bawa lao laini mwaka 1948, na Mwaustralia John Dickenson ambaye 1963 aliunganisha bawa la namna hiyo na ile fremu ya pembetatu. Na kutoka huko tumefika mbali, 2012 Dustin Martin aliondoka Zapata, Texas, akaruka kilomita 764 kwa siku moja. Kutoka Dar mpaka Mombasa kwa barabara hata haifiki hapo.

Bei gani bro? Sema tu namba nijue.

Bawa jipya la kisasa ni bei ya gari, la mkononi ni bei ya gari bovu, na la mkononi linaloruka vizuri lipo ukisubiri. Usinunue kabla ya kozi. Mwalimu ndo akuchagulie, maana bawa la bingwa kwa mwanafunzi ni kaburi.

Kaka nina swali la moyoni. Mi niko Bristol mwaka wa nne, najua vile inavyokuwa kuwa mweusi peke yako kwenye chumba. Huko vilimani wewe hujihisi mgeni?

Mwaka wa kwanza nilijihisi, ndugu yangu, nikudanganye kwa faida gani. Nilifika na bawa la mkononi lililofifia rangi, nikaegesha mbali kidogo na wengine, nikajifanya nina shughuli na simu. Walikuwa na vicheko vyao vya miaka ishirini, mizaha ambayo haina mlango wa kuingilia. Watembeaji wakipita na mbwa zao walikuwa wakiuliza wengine maswali kuhusu kuruka, mimi wananiuliza natoka wapi. Hilo bado lipo.

Kilichobadilisha ni upepo. Jioni moja Caburn wote wamekaa wanabishana kama upepo utashika au utakufa, na mi nikaona maji ya mto Ouse kule chini yamebadilika rangi kwa mbali, ule weusi weusi unaotambaa juu ya maji, baba yangu alikuwa akiuonyesha kwa kidole kabla tanga halijajaa. Nikasema dakika kumi. Yule mzee mstaafu wa utabiri akaniangalia, akauliza nimejuaje. Nikamweleza. Baada ya dakika kumi na kidogo nyasi zikalala zote kwa pamoja, na kabla ya kwenda kwenye bawa lake akaja kuninyanyulia pua ya la kwangu.

Tangu hapo maswali yakawa ya namna nyingine. Wanataka kujua upepo wa kusi unaanza lini, nahodha anafanyaje usiku bila kuona maji, nini maana ya foromali, ule mti unaobeba tanga. Niliwafundisha neno bisho na sasa liko kwenye redio zetu, mtu akiwa chini ya ukingo anapigania kurudi kwenye hewa nzuri utasikia sauti yenye lafudhi ya huku Sussex kabisa inasema "niko bisho, niko bisho", na mi huko juu moyo unanijaa ndugu yangu, natamani baba angekuwa hai akasikia.

Bado kuna siku naegesha mbali. Lakini siku hizi kuna mtu anakuja kugonga kioo na kikombe cha chai, na najua nikiwa ukingoni kuna jicho kwenye karabina yangu. Bristol uko karibu na vilima vizuri sana vya Wales, tafuta klabu ya hapo, au njoo Caburn Jumapili yoyote yenye upepo wa kusini. Utatukuta kwenye geti la chini Glynde. Ulifunge nyuma yako tafadhali, kondoo wa watu wale.